Tarehe Iliyoachwa Wazi

4 Februari

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Mwenyekiti wa Chama cha Mafundi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta pale pale ninapokukumbuka: kigodani, nyuma ya meza ya duka, kiatu kimoja mapajani na misumari mitatu mdomoni, ukimsikiliza mteja ambaye hujamjibu kwa sababu ya ile misumari. Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako, anakusalimu. Goti lake la kulia linatabiri mvua kuliko redio, ila la kushoto humpinga. Ameniagiza nikuulize kama bado unakunywa chai tupu asubuhi. Nimekuuliza, wajibu wangu umekwisha.

Kazini tumehamia jengo jipya. Nimepewa ofisi yenye dirisha, heshima wanayopewa wakuu wa vitengo peke yao, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jengo la jirani. Hivyo ndivyo kitengo kinachochunguza namna ubongo unavyoona kilivyopatiwa mahali pasipo na cha kuona. Sikulalamika. Cheo kipya hakizoei kulalamika mapema.

Sasa nije kwenye jambo. Nimeambatisha fomu ya kurasa mbili, iitwayo fomu ya ridhaa. Inasema kwamba wewe, kwa hiari yako, wakubali yale yanayokuhusu yatumike katika utafiti wangu bila jina lako kutajwa. Yale yanayokuhusu, Mjomba, sote wawili tunayajua ingawa hatujapata kuyatamka. Macho yako ni mazima. Watunga uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini nyuso za watu kwako ni kama visigino kwenye gunia: kila kimoja wakiona vizuri, na hakuna kinachokwambia ni cha nani. Watu unawajua kwa viatu vyao, kwa mwendo na kwa sauti.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yenu hufunguliwa sauti yote, na mkaza mjomba husikia hata yasiyosemwa. Najua jambo hili hujamwambia.

Utatia saini chini ya ukurasa wa pili. Pembeni atatia saini shahidi mmoja anayeishi nawe. Sehemu ya tarehe uiache wazi; nitaijaza mwenyewe. Kamati ya maadili ya taasisi yetu inakaa mwishoni mwa Juni, na ingenifaa sana kuipata kabla.

Mpwa wako akupendaye,
Darubini

*

27 Februari

Mpwa wangu Darubini,

Marahaba, na nyingine ya akiba kwa ajili ya siku utakayosahau kuniamkia. Barua yako imenikuta kama ulivyonichora, isipokuwa misumari ilikuwa minne. Mwambie dada yangu kwamba chai ninakunywa na mkate, na kwamba goti la kushoto ndilo lenye akili.

Nyumbani tu wazima. Mkaza mjomba wako hana neno ila kikohozi chake, kile kile cha tangu tuoane. Kila aingiapo mlangoni: kho, kho. Nimemnunulia dawa za maji, za vidonge na za kupaka. Hunishukuru, huziweka kabatini, hukohoa. Wewe uliyesomea kichwa cha mwanadamu, huwezi kumwuliza mwenzako aliyesomea kifua?

Chama kinajiandaa kwa uchaguzi wa tarehe ishirini na tano Mei. Safari hii ninaye mpinzani, fundi saa, ambaye anatangaza kwamba nimekikalia kiti kile miaka kumi na minne. Ni kweli, na ngozi yake nimeishona upya mara tatu. Wanachama hunichagua kwa jambo moja: sina ubaguzi. Fundi bomba aliyejiunga jana nampokea kama ninavyompokea mwashi tuliyeanzisha naye chama. Wote nawaita ndugu yangu mpenzi. Wote nawauliza habari za nyumbani, bila kutaja nyumba ipi. Watu wazima wametokwa na machozi mbele yangu wakisema hawajapata kuona kiongozi mnyenyekevu namna hii.

Ama kuhusu fomu: nimeisoma yote pamoja na maandishi madogo, maana katika maandishi madogo ndimo mambo makubwa hupenda kukaa. Inamhusu mtu asiyetambua nyuso. Nasikitika kukujulisha kwamba mtu huyo hapatikani kwa anwani hii. Nimeihifadhi kwenye droo, chini ya soli za raba. Mwenyewe akitokea nitamkabidhi, mradi ajitambulishe.

Swali moja, la mtu aliyezoea vikao. Kwa nini tarehe iachwe wazi? Katika miaka kumi na minne sijapata kuona karatasi isiyo na tarehe ikamfikisha mtu pema.

Mjombako,
Mwenyekiti

*

18 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amejibu kwamba kikohozi cha miaka thelathini na saba si kikohozi, ni tabia. Mwenzangu wa kifua naye, nilipomweleza, aliniuliza swali moja tu: mgonjwa hukohoa akiwa peke yake? Mchunguze uniambie.

Nimefurahi kwamba fomu iko salama chini ya soli. Kwa kuwa mwenyewe hajatokea, niruhusu nikusaidie kumtafuta. Ni mtu wa umri wako. Siku moja, nikiwa na miaka saba, alitumwa kunichukua shuleni. Mimi na rafiki yangu tulikuwa tumebadilishana viatu, upuuzi wa watoto. Akatazama chini, akamshika mkono rafiki yangu, akaenda naye nyumbani, akampa chakula na hadithi mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa na haya mno kusema lolote. Mimi nilibaki langoni na mlinzi mpaka mama yangu alipokuja mbio, na nyumba nzima ikacheka kwamba Mjomba ana mawazo mengi. Mimi sikucheka. Nilianza kukutazama unavyotazama watu, na hiyo ndiyo kazi niifanyayo mpaka leo, isipokuwa sasa nina mashine.

Mtu huyo huyo alipata kumpokea dada yake wa tumbo moja dukani kwa kusema, “Karibu mama, kiatu kina tatizo gani?” Dada akakaa miezi miwili hasemi naye. Na kwenye duka la nguo alimpisha kwa adabu bwana aliyekuwa akimjia. Bwana yule alikuwa kwenye kioo.

Si ugonjwa, Mjomba, wala si upungufu wa akili. Nyuma ya sikio la kulia, chini kidogo, ubongo una sehemu ndogo ambayo kazi yake ni kushona pua, macho na mdomo viwe mtu mmoja anayejulikana. Kwa wengi wetu mshono huo hufanyika kabla hata hatujaamua kutazama. Kwa wachache, vipande vyote hufika, kila kimoja safi kabisa, ila mshonaji hayupo kazini. Watu hao hujifunza njia nyingine, na mara nyingi huwa hodari kutuzidi sisi.

Jina lako halitatajwa popote. Katika maandishi yote wewe ni Fundi V tu. Hata mkuu wangu hajui ni nani, ingawa anamsifu sana. Kuhusu tarehe, huo ni utaratibu wa ofisi.

Mpwa wako

*

22 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na radhi kwa kuchelewa. Kampeni imeniondoa dukani, na viatu vya watu vimenirundikia hata nimekosa pa kuweka miguu yangu mwenyewe. Mkaza mjomba wako ni mzima. Nimemchunguza kama ulivyoagiza. Alipokuwa jikoni peke yake, saa nzima, hakukohoa hata mara moja. Nilipojitokeza tu: kho. Sijui nifikiri nini. Labda ni vumbi la ngozi nililo nalo nguoni.

Sasa nikueleze kilichotokea wiki mbili zilizopita. Aliingia bwana mmoja dukani, viatu vyeusi vipya kabisa, vinalia kwa kila hatua, sauti imemkauka kama mtu aliyekuwa akihubiri. Nikampa kigoda.

“Habari za kazi, Mwenyekiti?”

“Njema, ndugu yangu mpenzi. Nyumbani wanaendeleaje?”

“Hawajambo. Na uchaguzi? Huyu fundi saa unamwonaje?”

“Fundi saa! Ndugu yangu, mtu huyu hajapata kuwahi kikao hata kimoja, na saa ni zake! Ile ya ukumbini imesimama tangu siku aliyoitengeneza. Kimsingi inasema kweli mara mbili kwa siku, ambayo ni mara mbili zaidi ya mwenyewe.”

“Hee. Kumbe?”

“Ngoja, sijamaliza.”

Na kweli sikuwa nimemaliza. Nilizungumza dakika arobaini. Nikagusa hotuba zake, nikagusa mahudhurio yake, nikagusa hata mwendo wake, kwamba hulalia kisigino cha kushoto kama mtu anayekwepa wajibu. Yule bwana alisikiliza, kisha akasimama taratibu.

“Asante, Mwenyekiti. Miaka yote hii, hakuna aliyethubutu kuniambia haya mbele yangu.”

Akatoka. Ni pale mlangoni, alipokanyaga kizingiti, ndipo nilipouona mguu wa kushoto ukilala upande ndani ya kile kiatu kipya. Kisigino hicho nimekitengeneza mara nne kwa mikono hii.

Nilikaa nikingoja aibu ifike. Ikafika sifa. Kesho yake seremala, au mtu aliyenuka mbao, alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Mwenyekiti, tumesikia! Wewe humsengenyi mtu, unamkalisha na kumwambia!” Tangu siku hiyo nimekuwa jasiri. Fundi saa mwenyewe anasimulia kwa heshima.

Basi, Darubini, yule mtu wa fomu ametokea. Nakuandikia kwa mkono wake. Lakini saini hawezi kukupa. Unafikiri watu hawa wanamchagua nani? Wanamchagua mtu anayewajua wote na kuwapenda sawa. Wakisikia kwamba nawapenda sawa kwa sababu siwatofautishi, nitakuwa nimewadanganya miaka kumi na minne, kila asubuhi, kwa tabasamu. Utasema jina halitatajwa. Ni fundi viatu wangapi wenye mpwa anayesomea ubongo? Na shahidi anayeishi nami ni mmoja tu, ambaye kwa miaka thelathini na saba anaamini kwamba nikimtazama namwona yeye. Hilo ndilo nisilotaka kulipoteza. Kiti wakichukue wakitaka.

Jambo la mwisho. Waandika kwamba mkuu wako anamsifu sana Fundi V. Nimelitafakari hilo nikishona. Mtu ambaye bado hajatia saini, amekwisha kusifiwa kwa lipi?

Mjombako

*

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi nami hivyo hivyo.

Umeuliza, na nimeanza barua hii mara sita. Miaka miwili iliyopita nilipokuja likizo, nilikuchezesha mchezo wa picha kwenye kompyuta yangu, jioni tatu mfululizo. Nilikwambia ni mchezo. Ulikuwa mtihani. Picha zilikuwa mia mbili na arobaini, za ndugu, majirani na watu usiowajua, zimekatwa nywele na mabega, ukabaki uso peke yake. Ulipata kama apatavyo mtu anayebahatisha. Ulisema picha zangu zina mwanga hafifu, nami nikaandika hata hilo.

Makala ya Fundi V ilichapishwa miezi minne baadaye. Imesomwa kuliko kitu chochote nilichopata kuandika. Kwa ajili yake nimealikwa kwenye mikutano, na kwa ajili yake nimepewa kitengo. Nilipanga kukuomba ruhusa baadaye. Baadaye ikawa kama salamu iliyocheleweshwa: kila siku inayopita yataka maelezo marefu zaidi, mpaka mtu anaona heri apite njia nyingine.

Mwaka huu kamati imepata katibu mpya, binti mwenye miwani minene na subira nene kuliko miwani. Ameanza kupanga mafaili upya. Katika faili la Fundi V amekuta kila kitu isipokuwa Fundi V. Nimemwambia fomu iliyotiwa saini ipo, imekaa nyumbani. Kwa kusema kweli sehemu ya pili tu ndiyo ya kweli.

Tarehe ikiwa ya kabla ya zile jioni tatu, nitabaki nilipo. Ikiwa ya sasa, makala itafutwa na kitengo kitaondoka nayo. Miaka kumi na sita ya kazi, Mjomba. Nakuomba utie saini na uiache wazi. Sina njia nzuri zaidi ya kuomba, na najua hii si nzuri.

Darubini

*

3 Juni

Mpwa wangu,

Natanguliza salamu, kwa kuwa hata siku ya ghadhabu salamu ina haki yake. Barua yako ilinifika tarehe ishirini Mei. Niliisoma, nikafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo mara ya mwisho lilitokea paa lilipoezuliwa.

Nitakwambia lililoniuma, halafu tuendelee na ajenda. Jioni zile tatu nilidhani tunacheza. Kila picha ulisema, “Vizuri sana, Mjomba.” Nilikuwa najua kwamba nabahatisha, na kwa kuwa ulinisifu, nilidhani nabahatisha vizuri. Nililala nikiwa na furaha. Nilimwambia mkaza mjomba wako, leo nimemshinda msomi.

Ajenda ya kwanza: shahidi. Nilimwita tukae.

“Nina neno,” nikamwambia.

“Sema.”

“Mimi nyuso za watu... huwa sizishiki.”

“Ndiyo.”

“Ndiyo nini?”

“Ndiyo, najua. Wewe ulidhani mimi nakohoa bure?”

Amenipokonya kalamu, na maneno yanayofuata ni yake.

*Mwanangu, ni mimi. Wiki ya pili ya ndoa alinipita sokoni nikiwa nimevaa viatu vya dada yangu, akaniamkia kwa heshima zote, “Hujambo ndugu yangu mpenzi, nyumbani hawajambo?” Nikasema, huyu ama ana nyumba nyingine ama ana jambo lake. Nikamchunguza mwezi mzima, bila mashine. Tangu hapo nikiingia nakohoa, ili asihangaike. Nilidhani naye anajua kwamba najua, basi kila mtu akanyamaza kwa ajili ya mwenzake. Dawa zake zote zimo kabatini, chupa arobaini na kitu. Ukija uje na begi. Wewe umekosea, na umekosea mtu mwema. Haya, na ule vizuri.*

Nimeipata kalamu tena. Ajenda ya pili: uchaguzi. Nimeshinda, kura sitini na mbili kwa thelathini na moja. Mtu aliyekwisha kumwambia mkewe hana cha kuogopa kwa watu tisini na watatu, kwa hiyo nikasimama kushukuru, nikawaambia ukweli. Nakunukulia maneno yenyewe. “Ndugu wajumbe,” nilisema, “kabla hamjashangilia, jueni mmemchagua mtu asiyemjua hata mmoja wenu kwa uso. Siku fundi saa alipokuja dukani kwangu, sikumtambua. Nilikuwa namsengenya.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi saa alicheka hata akashikilia kiti cha mbele. “Mnamsikia? Anajishusha mbele za watu ili mimi nisione haya!” Wakapiga makofi wamesimama. Nikasema tena, kwa ukali. Wakacheka zaidi. Katibu wetu ameandika: Mwenyekiti alifungua kwa utani, kisha akawatia moyo walioshindwa. Kwa hiyo siri yangu, ambayo niliilinda miaka yote nisije nikaumbuka, nimeitoa hadharani kwa sauti kubwa, na imekataa kutoka.

Ajenda ya tatu: fomu. Imo ndani ya bahasha hii. Nimetia saini. Shahidi ametia saini. Na tarehe nimeiandika, kwa wino, tarehe mosi Juni mwaka huu, siku niliyotia saini. Katibu wangu wa kwanza, rafiki yangu, nilimwondoa kwa kosa la kuandika tarehe ya jana kwenye muhtasari wa leo. Alilia. Nami nililia alipotoka, baada ya kuhakikisha kwanza kwamba aliyetoka ni yeye. Sikumfanyia vile ili siku moja nije kufanya mwenyewe kwa ajili ya ndugu.

Penye nafasi ya maelezo nimeandika hivi: “Nilipimwa bila kuulizwa. Nimejulishwa tarehe 20 Mei. Sina kinyongo.” Kinyongo kidogo ninacho, lakini nafasi ilikuwa finyu.

Karatasi ni yako sasa. Kalamu nilikuwa nayo mimi. Kiberiti unacho wewe. Ukiichoma sitauliza, na nitaendelea kuwa mjombako, ila sitacheza tena picha.

Mjombako

*

30 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo, wewe pamoja na mkaza mjomba, ambaye namshukuru na nitakuja na begi. Mama amesoma maelezo yake mara mbili, kisha akasema, “Basi siku ile dukani hakunidharau.” Akaenda kupika kwa kelele nyingi. Nadhani amekusamehe, ingawa umepata msamaha huo kwa kuchelewa kwa miaka ishirini.

Fomu yako ilikaa kwenye droo yangu siku tisa. Sitakuficha: nilifikiria kiberiti. Nilifikiria hata kusema imepotea njiani, na kila mtu angeniamini, kwa jinsi barua zinavyotembea. Siku ya kumi nilimpelekea yule katibu. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

“Daktari, hii tarehe ni ya mwezi huu.”

“Ndiyo.”

“Na makala ni ya zamani.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo uliniambia uongo, kwamba fomu ipo.”

“Ndiyo.”

“Sawa,” akasema, akachukua kalamu. “Tuanze na jina lako kamili.”

Wanachama wako, Mjomba, ukiwaambia ukweli hucheka. Kamati yangu ina kasoro ya kuamini haraka. Makala imeondolewa jaridani. Kitengo amepewa mwenzangu, mtu mwema ambaye mpaka leo huomba radhi akikutana nami kwenye ngazi. Kwa mwaka mzima sitafanya utafiti unaohusu watu. Nitafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna jicho linavyofanya kazi. Wametaka pia niandike mwongozo mpya wa kuomba ridhaa. Nilipouliza kwa nini mimi, mkuu alisema taasisi haina mwenye uzoefu kunizidi. Hakuwa anatania, nilimtazama vizuri. Nimehamishiwa chumba cha pamoja na wahadhiri wawili wanaokula karanga siku nzima, na dirisha lake linatazama miti.

Mwongozo nimeuandika. Fomu ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa kuufuata imo katika bahasha hii, na ni yako. Naomba ruhusa yako, mwaka wangu wa adhabu ukiisha, kukuchunguza upya tangu mwanzo: nyumbani kwako, ukijua kila picha ni ya nini na kila jibu linaandikwa wapi, mkaza mjomba akiwapo akitaka. Safari hii hakuna lililofanyika kabla. Sijaandika hata sentensi moja. Kipengele cha saba kinasema waweza kukataa bila kutoa sababu, na kwamba kukataa hakutaathiri uhusiano wako na mtafiti kwa namna yoyote. Kipengele hicho nimekitunga mwenyewe.

Mjomba, waniruhusu?

Mpwa wako

*

24 Agosti

Mpwa wangu Darubini,

Salamu kwako, kwa dada yangu na kwa magoti yake yote mawili. Hapa tu wazima. Mkaza mjomba wako bado anakohoa, ila sasa tunacheka wote wawili, jambo ambalo limewatia majirani hofu.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa nyumbani, kisha nikaisoma tena kimoyomoyo. Fomu ni nzuri. Maandishi yote ni ya ukubwa mmoja. Nimeikalia wiki mbili, nikishona na kuwaza, kwa kuwa swali likiulizwa kwa adabu hivyo, si haki kulijibu mbio mbio.

Jibu langu ni hapana. Sababu sitoi, kwa mujibu wa kipengele cha saba. Fomu nakurudishia. Nimeijaza kikamilifu: saini, shahidi na tarehe ya leo, na penye maelezo nimeandika “Hapana” kwa herufi kubwa, mkaza mjomba wako akaongeza “Asante” kwa ndogo.

Usihuzunike. Katika maisha yangu nimetambulishwa, nimechaguliwa, nimesifiwa na kupimwa, vyote bila kuombwa. Hii ni mara ya kwanza mtu kuniomba kitu ambacho ningeweza kumnyima, na sikujua kama kuna raha namna hii. Siku ile nilitembea mpaka ukumbini na kurudi, nikiwaamkia watu wote njiani, hata wale niliokuwa nimekwisha kuwaamkia.

Mwakani, adhabu yako ikiisha, niombe tena. Nitakataa tena. Ila usiache kuniomba.

Mjombako